Son jarocho darasani: anzeni na miguu

Mwalimu anayetaka kuwaonjesha wanafunzi utamaduni wa wasemaji wa Kihispania asizunguke nchi zao zote kwa kipindi kimoja. Achukue ngoma ya mahali pamoja. Son jarocho ya jimbo la Veracruz, Meksiko, inafaa sana kwa kuwa miguu ya mchezaji ni ala kamili, hivyo hata asiyejua gitaa ana kazi. Ngoma hii imechanganya Uhispania, wenyeji wa asili na Waafrika walioshushwa utumwani katika bandari ya Veracruz. Kwenye ramani, waonyesheni mji wa Yanga, uliopewa jina la Mwafrika aliyeongoza watumwa waliotoroka.

Kwanza tengenezeni tarima, jukwaa la mbao lenye uwazi chini. Plaiwudi moja ya milimita 18 juu ya fremu yenye kimo cha sentimita 15, na mhimili katikati, inatosha wachezaji wanne. Toboeni matundu ubavuni ili sauti itoke. Plaiwudi ikilazwa juu ya saruji, mlio unakufa. Raba nazo huuua, kwa hiyo vaeni viatu vya soli ngumu. Vichwa vya skrubu vizame ndani ya mbao.

Kabla ya miguu, mikono. Hesabuni 1 hadi 6 mfululizo. Nusu ya darasa ipige makofi kwenye 1 na 4, nusu nyingine kwenye 1, 3 na 5. Aliyekulia kwenye chakacha hatapata tabu. Tatizo la kawaida ni kukimbia: kila kundi huharakisha ili lisimezwe na jingine, mara wote wamepotea. Mwalimu agonge 1 peke yake kwa kijiti mezani, asiongeze kitu.

Sasa miguu. Huko Veracruz wanaoanza hufundishwa kwa maneno “café con pan”, kahawa na mkate: silabi nne, vishindo vinne. Wayaseme kwanza, ka-FE-kon-PAN, kisha wapige kulia, kushoto, kulia, kushoto, wakikaza FE na PAN. Magoti yalegee, visigino visipande. Anayeinua mguu kama yuko gwarideni huchelewa pigo linalofuata.

Msianze na wimbo wa “La Bamba” eti kwa sababu inajulikana. Ni son jarocho kweli, lakini hesabu yake si ya 6. Chagueni “El Siquisirí”, ambayo kwa desturi ndiyo hufungua fandango, yaani sherehe ya ngoma hii.

Mavazi yasiwasumbue. Magauni meupe yenye aproni nyeusi ni ya maonyesho. Kofia za karatasi na masharubu ya bandia ni dhihaka tu.

Kinachopuuzwa zaidi ni adabu ya tarima. Ubeti ukiimbwa, miguu hunyata. Waimbaji wakinyamaza, ndipo mbao hupigwa kwa nguvu. Mwanafunzi mmoja asome ubeti huku wenzake wakicheza. Asiposikika hadi ukuta wa nyuma, wasimame waanze upya.