Mizani inasema kilo mbili, bili inasema sita: jinsi ya kulinganisha gharama za kutuma vifurushi

Kama unauza vitu mtandaoni na unachagua kampuni ya kutuma mizigo kwa kuangalia ile bei kubwa iliyoandikwa pale juu kwenye tovuti yao, bado hujajua utalipa ngapi. Sikulaumu, mimi mwenyewe nilifanya hivyohivyo. Nilikuwa nauza mito ya kulalia, mto na boksi lake havifiki hata kilo mbili na nusu, nikapata kampuni yenye bei ya chini kuliko zote nikatuma mizigo kama arobaini hivi huku faida nimeshaipigia hesabu, wiki tatu baadaye ankara inaingia, kila mto umetozwa kilo sita. Nikapiga simu kwa hasira, kumbe imeandikwa kwenye masharti, ila nani anasoma masharti jamani.

Kilichonikuta ni uzito wa ujazo. Gari au ndege inaweza kujaa nafasi wakati uzito bado kabisa, kwa hiyo kampuni wanaangalia vyote viwili, uzito wa mizani na uzito wa ujazo, halafu wanakutoza ule mkubwa. Hesabu yake ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawa kwa 5000, jibu ndo kilo. DHL Express, FedEx na UPS wanatumia hiyo 5000 kwa mizigo ya kimataifa, wengine wanatumia namba nyingine, na namba ya kugawia ikiwa ndogo kilo zinaongezeka, so uliza hiyo namba kabla hata hujauliza bei. Boksi langu lilikuwa 40 kwa 30 kwa 25, yaani 30,000, gawa kwa 5000 unapata kilo 6. Baadaye nikaanza kuubana mto kwenye mfuko wa kutoa hewa, boksi likawa 35 kwa 25 kwa 18, ujazo 3.15, wakapandisha hadi 3.5 maana wanahesabu kwa nusu kilo. Mto uleule, kampuni ileile.

Na wanazidi kubana. Kule Marekani UPS na FedEx walianza kuhesabu ujazo kwa vifurushi vyote vya barabarani mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, kabla ya hapo viboksi vidogo vilikuwa vinapona, halafu Agosti 2025 wakaanza kupandisha kila kipande cha inchi kuwa inchi nzima. Kwa hiyo pima boksi likiwa limeshafungwa na gundi yake, na kama lina tumbo basi pima kwenye tumbo, maana mashine yao itapima hapohapo.

Sasa kulinganisha kwenyewe. Usianze na orodha ya bei za kampuni, anza na mizigo yako. Chukua ishirini ya mwisho uliyotuma, fungua Excel, andika uzito wa mizani, vipimo vitatu, ilikoenda, kama ni nyumbani kwa mtu au ofisini, na thamani yake. Kisha mpe kila kampuni listi hiyohiyo, mwambie naomba jumla ya mwisho ya kila mzigo, tozo zote ndani. Kuna watakaokutumia bei ya kilo tu, warudishie, waambie jumla ya mwisho.

Tozo zenyewe zina majina mengi ila za kuuliza hasa ni hizi: nyongeza ya mafuta, kupeleka nyumbani, eneo la mbali, boksi refu au lisilokaa vizuri kwenye mashine, kurekebisha anwani iliyokosewa, msimu wa sikukuu, na kuja kuchukua mzigo kwako. Ya mafuta ndo ya kuangalia sana kwa sababu ni asilimia, inabadilika kila wiki au kila mwezi, na kampuni nyingine hawaipigi kwenye nauli peke yake bali na kwenye baadhi ya hizo tozo nyingine, tozo juu ya tozo.

Halafu kuna mtego wa punguzo. Tuseme kampuni ya kwanza nauli ni 100 wanakupa punguzo la 40%, inabaki 60, unashangilia. Ongeza kupeleka nyumbani 8, eneo la mbali 22, imekuwa 90, piga mafuta 18% juu ya yote, 106.2. Ya pili nauli 85, punguzo 10% tu, 76.5, nyumbani imo ndani, eneo la mbali 10, mafuta 12%, unaishia 96.88. Punguzo mara nyingi linagusa nauli peke yake, tozo zinabaki vilevile, na mara nyingi kuna kiwango cha chini ambacho nauli haishuki hata punguzo liwe kubwa vipi, muuzaji wa vitu vidogo vyepesi anagota hapo kila siku. Omba punguzo kwenye tozo inayokuumiza wewe. Kama wateja wako wengi wako mbali, jadili eneo la mbali, achana na asilimia ya nauli.

Mizigo inayorudi watu wanaisahau kabisa. Kampuni inayotoza 10 kwa mzigo lakini kati ya 100 wanashindwa kufikisha 12, na kila unaorudi unalipia 10 tena, umetumia 1,120 kufikisha 88, sawa na 12.73 kila mmoja. Anayetoza 11 na kurudisha 4 tu, na kila unaorudi unalipia 11 tena, inakuwa 1,144 kwa 96, yaani 11.92. Kama mteja analipa akishapokea, uliza pia wanakata asilimia ngapi na hela inakufikia baada ya siku ngapi, maana hela yako ikikaa kwao wiki mbili wewe unakopa mtaji.

Ukituma nje ya nchi, uliza nani analipa ushuru na kama kampuni inaulipa kwanza halafu inamdai mteja na ada yake juu, hapo ndo wateja wanakataa mzigo mlangoni. Misamaha ya zamani ya kodi kwa mizigo ya thamani ndogo usiitegemee, Ulaya walifuta ule wa VAT wa chini ya euro 22 Julai 2021, na Marekani wakaondoa wa dola 800 Agosti 2025. Vitu vidogo visivyofika kilo 2 jaribu na posta, kifurushi kidogo cha posta ya kimataifa urefu, upana na kimo ukivijumlisha visizidi sentimita 90, na hakuna upande unaozidi 60.

Bima nayo, usidhani fidia ni thamani ya kitu. Kwa ndege za kimataifa Mkataba wa Montreal unaweka ukomo kwa kilo, tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF). Simu ya gramu 200 ikipotea hiyo ni SDR 5.2, hainunui hata kava.

Ukishachagua, ankara ya mwezi wa kwanza ipitie mstari kwa mstari na ile Excel yako pembeni. Kila boksi lipige picha likiwa juu ya mizani na utepe wa kupimia uonekane, kwa sababu wakipima upya na kukuongezea kilo una siku chache tu za kupinga, na bila picha maneno yako hayana uzito. Mimi mwezi ule niliokuwa na picha nilirudishiwa hela ya mizigo sita, ile mingine ambayo sikupiga picha nikalipa.