Ukubwa wa picha huamuliwa na umbali: jaribu na lenzi ya milimita 50

Mteja anayetaka picha na KICC, jumba la mikutano la Nairobi, hutaka mambo mawili: yeye aonekane vizuri, na lile jumba la mita 105 lisimame lote nyuma yake. Wengi hukimbilia pete ya zumu, ile ya kuvuta picha karibu. Mimi huanza na miguu, maana ukubwa wa taswira ni hesabu moja: umbali wa lenzi hadi sensa (kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera), gawanya kwa umbali wa lenzi hadi unachopiga.

1. Ione hesabu kwenye karatasi. Zima taa. Tumia lenzi ya zamani ya milimita 50 yenye pete ya tundu (la kupitisha mwanga), tundu likiwa wazi kabisa. Upande mmoja weka simu yenye maandishi makubwa, mwanga wake juu; upande wa pili, karatasi nyeupe. Pima kutoka katikati ya lenzi (vipimo vitapishana kidogo, usijali).

Simu ikiwa sentimita 15, sogeza karatasi polepole. Karibu na 7.5 maandishi yanakaza ghafla, kichwa chini miguu juu, nusu ya ukubwa wake. Lete simu hadi 10: yanafifia. Rudisha karatasi hadi 10, na sasa yanalingana na ya simu. Hapo umefika kwenye makro, yaani picha za karibu sana.

2. Peleka simu hadi 30. Karatasi itakaa kwenye 6, na maandishi yatakuwa moja ya tano. Simu imerudi sentimita 20, karatasi imesogea 4 tu. Ukizidi kwenda mbali, karatasi inagota kwenye 5: ndizo zile milimita 50 zilizoandikwa kwenye lenzi. Kwa hiyo kwa watu na majengo, unabaki na lenzi uliyochagua na mahali uliposimama.

3. Nenda mjini. Tafuta mahali penye mita 300 hivi hadi jumba, pasipozibwa. Kamera wima, sensa yenye urefu wa milimita 36. Mtu wa mita 1.7 akiwa mita 2.5 mbele ya lenzi ya 50, anachukua karibu milimita 35 za sensa. Jumba linapata 17.5, nusu yake.

Mteja asisogee. Wewe rudi hadi mita 5, funga lenzi ya 100. Yeye anabaki 35, jumba nalo linafika 35! Umbali wako kwake umeongezeka maradufu; wa jumba haujabadilika hata kwa asilimia moja.

Punguza tundu hadi f/16, yaani dogo sana. Jumba litabaki na ukungu kiasi, ila Mnairobi yeyote atalitambua.