Mgeni akishuka Pangani: namna ninavyompokea

Nyumba yetu iko nyuma kidogo ya mto, dakika tano kwa miguu hadi penye pantoni ya kwenda Bweni. Marehemu mama alituachia vyumba vinne, na viwili nimevitenga kwa wageni wa siku mbili tatu: walimu kutoka Dar wanaotafuta kupumzika, vijana wa Arusha na mabegi yao ya mgongoni, mara mojamoja Wazungu wa baiskeli waliopitia Saadani. Majirani wenye vyumba vitupu wananiuliza waanzeje, maana daraja la mita 525 linajengwa juu ya mto wetu na barabara ya Bagamoyo hadi Tanga itapita hapa. Kwa miaka yote pantoni imemsimamisha kila mtu, apende asipende, akaketi, akanunua dafu, akatazama maji. Gari likishapata daraja halina sababu ya kusimama. Sababu hiyo sasa tutakuwa sisi wenyeji, kwa hiyo nawaandikia ninavyofanya.

Kazi huanza mgeni angali kwenye simu. Mweleze mji ulivyo, usimpambie. Kutoka Tanga mjini ni kilomita 50 hivi, na kama anafika jioni ajue maduka mengi yatakuwa yamefungwa. Mwambie hapa saa tatu usiku utasikia vyura na mawimbi, na alfajiri utasikia adhana. Anayetaka ngoma na taa, mwambie kwa upole abaki Tanga. Nimekosa wateja kwa kusema hivyo na sijutii, kwa sababu aliyekuja akijua ukimya wake huondoka ameshiba. Muulize pia asichokula, na kama ana watoto. Halafu muulize kama anataka kwenda Maziwe, na hapo ndipo kalenda inapohusika.

Maziwe si kisiwa cha kwenda saa yoyote. Wazee wetu wanakikumbuka kikiwa na mivinje. Leo hakina mti hata mmoja, ni fungu la mchanga katikati ya bahari, na maji yakijaa linafunikwa lote. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea mama mmoja na binti zake wawili. Nikawaandalia chai ndefu, chapati, maharage ya nazi, tukaongea, wakapanda boti saa sita mchana. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa. Walipofika, mchanga uliobaki ulikuwa wa kutandika mkeka mmoja, na kabla hawajavua viatu maji yakaumeza. Walirudi kimya. Binti mdogo alikuwa bado ameshika ndoo yake ya plastiki, haina hata chembe ya mchanga ndani. Kosa lilikuwa langu, na nauli niliwarudishia yote.

Tangu siku hiyo nahesabu mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na kufika saa kumi alasiri yamejaa tele. Basi mgeni aamke mapema, chai afungiwe kwenye chupa, boti iondoke saa mbili. Kabla ya kumpangia siku, nenda diko, pale boti zinapoegeshwa, ukamuulize nahodha mwenyewe, usitegemee simu. Kusi likivuma mwezi wa sita na wa saba, nahodha akisema hapana, usimbembeleze hata kama mgeni ameshalipa. Hakikisha kila mtu ana jaketi okozi, watoto kwanza. Ada ya hifadhi itaje mapema pamoja na bei ya boti, asije akaisikia akiwa ameshaingiza mguu majini. Na mweleze kwamba kasa bado hupanda kutaga pale, na kwa kuwa bahari ingeyafunika mayai, viota huhamishiwa pwani ya Ushongo. Mtu akishajua hilo, hutembea juu ya ule mchanga kwa adabu.

Chumba hakina maneno mengi. Shuka nyeupe, chandarua kisicho na tundu, feni, tochi kwa ajili ya umeme ukikatika, ndoo na kata hata kama bomba linatoka. Mimi huongeza kanga mbili juu ya kitanda, maana wengi huja na nguo za ufukweni tu, na mji wetu ni wa watu wa dini. Ukimpa kanga hujamkaripia, na yeye mwenyewe atajifunga akitoka.

Akifika, usimdai kitambulisho wala pesa mlangoni. Mpe maji, mpe dafu, mwonyeshe bafu lilipo, umwache. Daftari la wageni litasubiri, na jina utalipeleka kwa mjumbe jioni. Saa ya kwanza ni ya mgeni kunyamaza. Vijana wetu wengi hukosea hapa: mtu hajatua begi, wameshamtajia safari sita na bei zake. Aliyesafiri siku nzima hasikii kitu. Anachosikia ni kwamba unamtaka atoe.

Jua likipoa, mtoe barazani umtembeze polepole kando ya mto. Mfundishe shikamoo kabla hamjaanza, na umwambie ni kwa nani. Nimeona mzee wa miaka themanini akiinuka kwenye kiti chake kwa sababu kijana mgeni amemwamkia vizuri, akamwita, akamsimulia habari za mashamba ya mkonge mpaka magharibi ikaingia. Hilo huwezi kulipanga wala kulitoza.

Njiani msimulie unayoyajua. Mwonyeshe maji, umwambie yametoka milima ya Kilimanjaro na Meru, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme kule Hale, ndipo yakafika kwetu. Mwambie asiogelee mtoni, kuna mamba na mkondo wa pale mto unapoingia baharini ni mkali. Mfikishe Boma, jengo la zamani la serikali, na mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi. Hapo apige picha za milango, lakini wavuvi na kina mama awaombe kwanza. Mweleze kwamba mwaka 1888 watu wa hapa walikataa kampuni ya Wajerumani kutwaa mji na kupandisha bendera yake, Abushiri bin Salim akaongoza vita, na Desemba 1889 Wajerumani wakamnyonga hapa hapa Pangani. Mwambie pia watumwa walisafirishwa kutoka ukingo huu. Utasikia watu wakieleza kwamba wengine walizikwa hai chini ya nguzo za majengo. Mimi husema haya ni masimulizi niliyoyasikia, siongezi. Mateso ya watu yasigeuzwe kuwa kivutio cha kumtia mgeni baridi.

Chakula mpe tunachokula: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kamba siku wakipatikana, asubuhi vitumbua vya jirani. Vitumbua sipiki mwenyewe ingawa naweza, ili pesa ya mgeni iingie nyumba zaidi ya moja.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu humpa mbuzi. Namkalisha juu yake uani, namwonyesha namna ya kuzungusha kifuu taratibu, meno yasifike kwenye ganda la kahawia likatia tui rangi. Mara ya kwanza nazi huruka mpaka kwenye nywele. Kisha anaikamua kwenye kifumbu, lile tui la kwanza zito likidondoka bakulini, na anayafahamu mapishi yetu kwa vidole vyake. Wapo walionipigia simu baada ya miezi kuniuliza mbuzi inauzwa wapi.

Siku ya kuondoka, maliza hesabu usiku wa kuamkia, ili asubuhi isiwe na mambo ya pesa. Bei iwe ileile uliyotaja kwenye simu. Mfungie vitumbua vinne kwenye karatasi, umbebee begi moja, umsindikize hadi stendi. Usimuage mlangoni. Simama hapo mpaka basi liondoke, kisha rudi ukafue shuka na kuanika godoro kabla jua halijawa kali.