Siasa katika insha ya kuomba chuo Marekani: namna ninavyofanya na vijana wa Lamu

Common App, fomu ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, hufunguliwa upya tarehe 1 Agosti, na kuanzia wiki hiyo vijana waliomaliza kidato cha nne hunifuata barazani Langoni na swali lile lile: "Mwalimu, nikitaja siasa si watanikata?" Mwaka huu mmoja wa Faza aliongeza la kwake: "Na nisipotaja, niandike nini? Baba ni mvuvi."

Ana haki. Lamu ukitaja samaki umeshataja bandari mpya ya mradi wa LAPSSET, na bandari hiyo ni siasa. Miaka ya nyuma nilikuwa nawaambia waondoe siasa yote, yaishe. Msichana mmoja akanitii, akaandika kuhusu kupenda kusoma, insha safi isiyo na kosa hata moja, na imepooza kama uji wa juzi. Alikataliwa kila alikoomba. Sijui kama ni insha, lakini tangu hapo sijamwambia mtu afute. Siasa iandike. Ninachokata ni hotuba.

Hatua ya 1: Isahau insha ya mtihani. Hapa kwetu KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hutaka alama na kozi unazochagua, haikuulizi wewe ni nani. Kwa hiyo insha mnazozijua ni za KCSE, mtihani wa kidato cha nne: hotuba, barua kwa mhariri, methali pale juu. Kijana nikimwambia andika siasa, ananiletea barua kwa mhariri. Common App inataka maneno 250 hadi 650, na katika hayo anatafutwa mtu mmoja. Anayeisoma ni afisa wa udahili mwenye maombi chungu nzima mbele yake, na huenda Lamu hajapata kuisikia.

Hatua ya 2: Andika na hasira zako zote, kisha shika kalamu nyekundu. Rasimu ya kwanza usijizuie. Ukimaliza, pigia mstari kila sentensi ambayo mtu yeyote kutoka Mokowe hadi Kiunga angeweza kuiandika. Kijana wa Faza alianza hivi: "Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Machi 2012, na tangu hapo wavuvi wanateseka." Nyekundu. Aya ya pili, nyekundu. Ya tatu hata sikuimaliza. Chini kabisa ikabaki sentensi moja, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwasomea wazee magazeti ya Kiingereza.

Nikamuuliza: mlikaa wapi? Ulisoma nini?

Hapo ndipo insha ilipotoka. Mwaka 2018, akiwa darasa la tano, Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari. Siku gazeti lilipoleta habari hiyo, wazee walikuwa wamekaa juu ya dau lililopinduliwa, yeye katikati, simu ya baba imewashwa tochi. Mzee mmoja akamwambia, "Hapo penye pesa rudia." Akarudia. Akaambiwa agawanye. Akagawanya kwa simu ile ile, ikaja kama shilingi 382,000 kwa kila mtu. Wazee wakanyamaza, kisha yule mzee akauliza, "Na nyavu nikazitupe wapi?"

Kesho yake mtoto akaanza daftari: kilo za samaki, lita za mafuta, mahali walipotega. Analo mpaka leo, la tano sasa, na anataka kusomea takwimu. Siasa yote ya bandari imo humo na hakuna mtu aliyehutubiwa.

Hatua ya 3: Futa majina ya wanasiasa na vyama, usome tena. Ikiwa insha imekufa, basi haikuwa yako. Baba mmoja alinijia kwa upole akiomba mwanawe amtaje MCA, mwakilishi wa wadi, aliyempa basari. Nilimwambia afisa wa Marekani hana kura wadi yetu. Hakucheka.

Na siasa zao Wamarekani waachie wenyewe. Ulichookota TikTok kuhusu rais wao, wao wanaishi nacho.

Hatua ya 4: Hakiki kila dai. Kuna aliyeandika kwamba "vijana wa Lamu tulifunga kiwanda cha makaa ya mawe". Kiwanda hakikujengwa, utakifungaje? Kilichotokea ni kwamba Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi. Kama wewe ulibeba bango, andika ulibeba bango, na lilikuwa limeandikwa nini, na mwandiko ulikuwa wa nani. Ukiandika juu ya usalama au kafyu baada ya mashambulizi ya Mpeketoni 2014, majina ya majirani yatoe. Hawakukutuma.

Hatua ya 5: Mtie mtu asiyekubaliana nawe. Hii wanaichukia kuliko zote. Kijana wa Faza ana ami yake aliyepata kazi bandarini baada ya gati la kwanza kufunguliwa 2021, na kwa mshahara huo watoto watatu wanasoma. Mwanzoni alimficha. Nikamlazimisha ampe aya nzima, aseme maneno yake kama anavyoyasema mwenyewe, bila kumkejeli. Msomaji aliye upande wa ami, na msomaji wa kila upande yupo, ataona kijana huyu anaweza kukaa darasani na watu.

Hatua ya 6: Kabla ya kutuma, msomee huyo huyo. Kijana alipanda boti mpaka kwa ami, akamsomea huku akimfasiria kwa Kiswahili. Ami alimkatiza mara moja tu: siku ile ya gazeti, alisema, samaki walioletwa ni tafi, si changu kama alivyoandika.