Kabla ya kumpeleka kijana kutibiwa: mambo ya kuzingatia afya ya akili inapochanganyika na ulevi

Jueni kwanza kama mna muda wa kusubiri miadi. Kijana anayesema anataka kufa na ameshafikiria njia, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayeitwa na kutikiswa bila kuamka, hapangiwi tarehe. Anapelekwa idara ya dharura saa hiyo hiyo.

Wapo pia wanaoonekana wazima lakini hawapaswi kukatishwa ghafla nyumbani: wanaokunywa pombe kila siku, na wanaomeza vidonge vya jamii ya diazepamu (dawa za kutuliza na kuleta usingizi). Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, na kuchanganyikiwa kukali siku ya 2 hadi ya 4. Kumfungia chumbani "mpaka imtoke" kumewahi kuua. Arosto ya heroini inatesa zaidi kuliko inavyoua, ila hatari yake inakuja baadaye. Mwili uliozoea dozi kubwa husahau mazoea hayo upesi, na akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi husimama. Kama mnashuku heroini au vidonge vya maumivu vya jamii hiyo, ulizieni sasa naloksoni, dawa inayorudisha pumzi iliyozimwa na vitu hivyo, na mjue inavyotumika.

Baada ya hapo, tafuteni daftari. Neno "amebadilika" ni la kweli, lakini daktari hawezi kulifanyia kazi. Linalomsaidia ni kitu kama hiki: "Jumanne, amelala saa 9 usiku, ameamka saa 6 mchana. Hakula hadi jioni. Macho mekundu, alinuka bangi. Alilia alipoulizwa habari za mtihani." Wiki 2 za mistari ya namna hiyo zinatosha. Msingoje zitimie kama nafasi ya miadi imepatikana mapema.

Ndani ya daftari hilo, jitahidini kujibu swali moja gumu: kipi kilitangulia? Pombe na bangi huleta huzuni, uvivu na usingizi mbovu. Vichangamshi kama kokeini huleta wasiwasi na hata sauti za uongo masikioni. Lakini wapo pia vijana walioanza na wasiwasi au sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha), wakagundua kwamba msokoto mmoja unawapa usingizi. Kwa hiyo mtaalamu atatafuta kipindi, angalau cha mwezi hivi, ambacho kijana hakutumia kitu. Je, dalili zilikuwepo bado? Na darasa la nne au la tano, kabla hajajua sigara, alikuwa mtoto wa namna gani? Hili mnalijua ninyi peke yenu. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, hivyo rudini nyuma kuliko mnavyodhani.

Kuhusu matumizi yenyewe, andikeni kitu gani, kwa njia gani (kuvuta, kunusa, kumeza, kudunga), mara ngapi, na mara ya mwisho lini. Mkijua kama anatumia na wenzake au akiwa peke yake, andikeni pia. Hojaji ya CRAFFT, iliyotengenezwa kwa ajili ya vijana, ina maswali 6, na kutumia akiwa peke yake ni mojawapo. Majibu 2 ya "ndiyo" yanatosha kuhitaji uchunguzi zaidi. Ongezeni historia ya ukoo, hasa saikosisi (kusikia au kuamini yasiyokuwepo) na baipola (kupanda na kushuka kukali kwa hisia). Si umbea. Bangi ni hatari zaidi kwa mwenye ndugu wa damu aliyeugua saikosisi, na dawa za sonona zinaweza kumpandisha mwenye baipola hadi asilale siku kadhaa. Dawa anazomeza, zikiwemo za miti shamba, bebeni pakiti zenyewe. Tajeni pia kama aliwahi kugonga kichwa na kupoteza fahamu. Vipimo vya damu na tezi ya shingo, daktari ataamua.

Kumpima mkojo kwa siri hatushauri. Bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha, ilhali vipimo vya kawaida havigundui fentanili (dawa kali ya maumivu ya jamii ya heroini) wala bangi za maabara. Mnaweza kumshutumu aliyeacha na kumsifu anayeendelea, na imani yake kwenu imeshapotea.

Nyumba nayo iandaliwe usiku wa leo. Fungieni kwa kufuli dawa zote, hata parasetamoli, ambayo kwa wingi huharibu ini huku mgonjwa akionekana mzima siku ya kwanza. Sumu za wadudu na panya zitoke, silaha ihame kabisa. Majaribio mengi ya kujiua ni ya ghafla, na dakika chache za kukosa nyenzo huweza kupitisha wimbi. Muulizeni waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halipandikizi wazo. Linaloharibu ni lile la "huwazi mambo ya kijinga, sivyo?", kwa sababu limeshamwambia ajibu nini.

Mnapochagua mahali, ulizeni kama akili na uraibu vinatibiwa pamoja. Kuambiwa "aache kwanza, ndipo tutibu sonona" ni utaratibu wa zamani unaompoteza mgonjwa katikati. Ulizeni kama walio chini ya miaka 18 wanatengwa na watu wazima, familia inashirikishwaje, na nini kinafuata akitoka. Kusafisha mwili siku 7 au 10 siyo tiba. Wakijisifu kwa viboko au minyororo, ondokeni. Na msitarajie miujiza ya wiki moja: tiba ya mazungumzo huchukua vikao 12 hadi 16 hivi, na dawa za sonona kama fluoksetini huhitaji wiki 4 hadi 6. Wiki za mwanzo ndizo za kumwangalia kwa karibu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kwamba dawa za sonona zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya vijana.

Kubalianeni mapema kwamba sehemu ya kikao ataongea na mtaalamu peke yake, na siri itavunjwa tu pakiwa na hatari kwa maisha yake au ya mwingine, au akiwa anadhulumiwa. Mzazi anayedai kila neno hupewa maneno matupu.

Mwambieni safari akiwa hajalewa, na msimdanganye kwamba mnakwenda kupima macho. "Tumeona hulali na umeacha mpira. Tunaogopa. Alhamisi tutakwenda wote." Neno "teja" lisisikike, hata kwa mjomba kwenye simu. Akikataa katakata, miadi isifutwe: nendeni ninyi na daftari lenu, kwa sababu wazazi hufundishwa namna ya kuongea, kuweka mipaka na kumvuta taratibu. Pangeni pia nani atashika zamu usiku atakaorudi amelewa. Alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake, pumzi zihesabiwe. Zikishuka chini ya 10 kwa dakika au midomo ikigeuka bluu, piga simu ya dharura, na kama kuna naloksoni, itumike hapo hapo.