Kuku haumwi, ila kinyesi chake kapime

Wafugaji wenzangu wa Newala, Tandahimba mpaka huko Lindi, wengi wetu tukisikia vipimo vya kuku tunawaza kideri tu, kuku asipokufa basi hana kitu. Sasa kuna bakteria wa tumboni anaitwa kampilobakta, huyu anakaa kwenye utumbo wa kuku kama kwake, joto la nyuzi 42 ndo analolipenda na mwili wa kuku uko hapohapo, kuku anakula anataga kama kawa, ila akiingia kwa mtu, siku 2 mpaka 5 hivi tumbo linakata, homa, kuharisha, saa ingine na damu. Watoto wanaotambaa ndo wanaumia zaidi, si unajua mkono hauishi mdomoni.

Kwa macho humuoni, ni maabara tu. TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wana kituo Mtwara, ila muombe kwanza bwana mifugo wa kata awaulize kipimo hicho kipo na bei gani usije ukapoteza nauli.

Kuchukua sampuli, amka mapema kabla hujafagia banda, chota kinyesi kibichi, kile bado kinang'aa, kilichokauka achana nacho maana huyu akikauka anakufa na hewa nyingi nayo haipendi. Kijiko kisafi, sehemu tano sita tofauti, tia kwenye kikopo kama kile cha kupimia choo hospitali, jaza mpaka juu, funga, andika tarehe. Weka kwenye ndoo ya barafu, zile za wauza samaki zinafaa kabisa, ila kisigande, na kifike siku hiyohiyo, sio kinazunguka na bodaboda juani. Majibu usiyategemee jioni, kumuotesha tu huyo mdudu ni kama siku mbili.

Na hii OTC, antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya kupambana na bakteria, jamani! Kuku kapiga chafya moja mtu keshatia unga kwenye maji, halafu ndo anakumbuka sampuli. Maabara wataona nini hapo? Pima kwanza.

Sie tunaokinga maji ya bati, kuku na njiwa wanaolala juu mavi yao yanashuka tangini, mvua ya kwanza iache ipite, ya kunywa chemsha. Ubao uliokatia kuku mbichi usikatie kachumbari mpaka uoshwe na sabuni.

Mtoto akiharisha damu kimbia zahanati, na useme nyumbani mna kuku, mganga anaweza asiulize.