Jinsi ya kuunda modeli ya volkano ya tope kwa kupima ardhi inavyozama: tunatumia Lusi

Lusi iko Sidoarjo, Java Mashariki, Indonesia, ilianza kutapika tope 29 Mei 2006 na ardhi pembeni yake imezama kiasi cha kuonekana wazi na rada ya setilaiti, kwahiyo kwa kujifunzia ni pazuri sana.

Hatua ya 1: data. Kwa miaka ya mwanzo chukua setilaiti ya ALOS ya Japani, wimbi lake la rada ni sentimita 23.6 so kwenye intaferogramu (picha inayolinganisha rada za tarehe mbili) mzunguko mmoja wa rangi ni sentimita 11.8 za kusogea. Setilaiti ya Sentinel-1 ya Ulaya data yake ni bure ila ilirushwa 2014, afu wimbi lake ni sentimita 5.6 tu, kwenye mashamba ya mpunga na miwa ishara yake inapotea haraka.

Hatua ya 2: tengeneza intaferogramu kwa programu ya SNAP au GMTSAR, toa athari ya milima na mabonde, fungua fezi (yaani geuza mizunguko ya rangi iwe msogeo mmoja unaoendelea). Kisha kata eneo lote lililo ndani ya matuta ya kuzuia tope, usilionee huruma, uso wa tope unabadilika kila siku na namba za pale ni takataka.

Hatua ya 3 ndo yenyewe. Anza na modeli ya Mogi, inayochukulia kwamba chanzo ni nukta moja chini ya ardhi inayopungua au kuongezeka ujazo:

u = (1 − ν) · ΔV · d / [π · (d² + r²)^1.5]

u ni msogeo wa wima, ΔV badiliko la ujazo chini, d kina, r umbali kutoka katikati, ν ni uwiano wa Poisson wa mwamba, weka 0.25. Jaribu programu uliyoandika kwanza: ukitoa mita za ujazo milioni 1 kwenye kina cha kilomita 1, katikati lazima izame kama sentimita 24, ukipata kingine rudi kaangalie yuniti. Shida ni kwamba katikati tumeshaikata, na pembeni peke yake kina na ujazo vinachanganyikana, yaani kina kikubwa na ujazo mkubwa vinafiti karibu sawa na kina kidogo na ujazo mdogo. Mi nafunga kina kati ya kilomita 1.2 na 1.8, maana kisima cha kutafuta gesi cha Banjar Panji-1, kilicho karibu na Lusi, kilionyesha tabaka la udongo wenye presha hapo.

Hatua ya 4: rudia kwa kila tarehe, chora logi ya kasi ya ΔV dhidi ya muda. Ikinyooka, presha inashuka kama tenki lisilojazwa. Ila angalia, watafiti walitabiri hivi 2013 kwamba tope lingepungua hadi sehemu ya 10 ndani ya miaka michache, na bado likaendelea kumwagika kwa wingi. Kwahiyo ongeza kigezo cha pili, kiwango kisichobadilika cha maji na gesi zinazopanda kutoka chini zaidi, uone data inakikubali au inakikataa.